Gogo la Kondoo Kando ya Kaburi la Mawe

Saa moja asubuhi, Menna Prydderch anapiga magoti kwenye tope, anatafuta manyoya. Kila siku hukagua mawe matano yanayobeba paa la kaburi la kale lililo shambani kwake, kisiwani Môn, kaskazini mwa Wales. Palipo na manyoya, kondoo amejikuna.

Leo mawe ni safi. Manyoya yote yako kwenye gogo la mwaloni alilolisimika mwenyewe, hatua nne pembeni. Gogo hilo ndilo lililomtia matatani.

Kaburi lina zaidi ya miaka elfu tano na linalindwa na sheria. Menna, mwenye umri wa miaka sitini na nane, ametunza ufunguo wa mlango wa chuma wa kaburi hilo kwa miaka thelathini na mmoja. Kabla yake aliutunza mama mkwe wake. Wageni hubisha hodi jikoni kwake, nao hupewa ufunguo.

Kondoo wakiondolewa, michongoma hulimeza kaburi. Wakiachwa, hujikuna mpaka udongo unamomonyoka. Mwaka jana jiwe la kaskazini lilianza kucheza. Menna aliiandikia idara ya mambo ya kale barua mbili, ikapita miezi saba bila jibu. Akachukua sururu, akasimika gogo la kondoo kujikunia.

Kuchimba hapo bila kibali ni kosa, hata shimo la gogo moja. Mkaguzi aliyetumwa na idara, Gethin, alikulia shamba la jirani.

"Mama Menna, umechimba hapa?"

"Nimechimba, mwanangu. Ulitaka gogo nilining'inize hewani?"

Gethin hakucheka. Alimwonyesha kokoto zilizotandazwa na wajenzi wenyewe wa kaburi, sasa zimetobolewa katikati.

"Nimelikwangua kaburi kuliko kondoo wote sitini," Menna anasema sasa, na inaonekana bado inamuuma.

Gogo halitang'olewa kwa sasa, maana kuling'oa nako ni kuchimba. Iwapo ufunguo utabaki kwake au la, ataambiwa mwezi ujao. Wakati huo huo amejaza fomu ya kuomba gogo la pili, mbali na kokoto.

"Wakiuchukua, basi," anasema, akiufuta ufunguo kwa aproni. "Lakini atakayepewa aamke mapema. Yule kondoo mwenye sikio lililochanika bado hataki gogo, hulirudia jiwe lilelile. Lazima asukumwe."

Anautia ufunguo mfukoni, anaenda kumsukuma.