Ukarimu Ulionizima Macho

Kabla macho yangu hayajazimika, nilikuwa mwalimu wa jiografia mchana na mpiga picha alfajiri. Katika kazi ya kwanza niliwaeleza wanafunzi wa taasisi yetu ya Butembo kwamba jua halichomozi kamwe, bali ni dunia inayozunguka. Katika kazi ya pili niliamka gizani, nikapanda kilima na kamera shingoni, nikatetemeka kwa baridi nikisubiri jua lichomoze. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza kuhusu jambo hilo. Walikuwa na adabu.

Ilikuwa miaka ya vita. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, kisha mikononi mwa waasi wengine, nasi tulijifunza kupanga safari kwa masikio. Asubuhi ikiwa na kimya cha kawaida, akina mama walikwenda shambani na mimi nilikwenda kilimani kuwapiga picha ndege wangu. Kimya kikizidi, tulibaki nyumbani sote.

Mke wangu, Katungu, alikuwa na duka dogo la vitenge mtaani Kimemi, na ndiye aliyetulisha. Hakunizuia kwenda. Aliniuliza tu, akinifunga skafu na kuniita kwa jina la mtoto wetu: "Papa Aline, jua ya hapa kwetu iko na kasoro gani?"

Nilimtajia jina la ziwa tu. Kambale, mdogo wake Katungu, alikuwa akinunua samaki Kyavinyonge, kwa wavuvi wa ziwa hilo, na kuwauza Butembo, na kila aliporudi alinisimulia asubuhi za huko: ukungu juu ya maji, viboko wakipumua katikati yake, na mwari, wale ndege wenye mfuko mdomoni, wakielea kama nguo zilizosahauliwa na wafuaji. Mwishowe nilimwomba anichukue.

Tulifikia kwa Mama Kavira, mjane aliyekuwa akikausha samaki na kumpangishia Kambale chumba. Siku ya kwanza askari mmoja, mtu wa mbali aliyesema Kilingala, alinikuta nimelala kifudifudi kwenye matete nikimlenga mwari. Alitaka kujua ninampelelezea nani. Kambale alimwambia huyu ni prof, anapiga picha ndege. Askari alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama ugonjwa, kisha akasimama wima, akarekebisha kofia, akataka apigwe yeye. Nilimpiga. Ndiyo picha pekee ya safari ile isiyotikisika.

Tulikuwa tumepanga kulala mara mbili tu. Lakini risasi zililia upande wa barabara, magari hayakupita tena, na wiki moja ikafuatwa na nyingine. Kambale na wachuuzi wengine walihangaika. Mimi, nasema kwa aibu kidogo, nilikuwa na furaha. Kila alfajiri niliketi ufukweni. Kongoti, wale ndege warefu wenye upara, walitembea kati ya matumbo ya samaki wakiwa na mikono mgongoni, au hivyo ndivyo nilivyowaona. Ng'ambo ya maji palipauka, kisha pakawa na rangi ya ndani ya papai, kisha jua likatokea bila kelele, kana kwamba duniani hakuna mtu aliyewahi kumkimbia mwenzake. Viboko waliobaki, maana wengi walikuwa wameishia kwenye sufuria za wenye bunduki, walizama na kuibuka. Mbu nao walikuwa kazini. Mtu wa Butembo amezoea baridi na hamjui mbu vizuri. Nilidhani wananisumbua tu.

Homa ilinishika nikiwa nimeshika kamera. Mikono ilianza kucheza, meno yakafuata. Nilirudi chumbani nikajifunika kila kitu, hata mkeka. Kufikia jioni nilikuwa nimetapika uji, kisha maji, kisha kitu cha njano chenye uchungu kilichotoka mbali kuliko tumbo. Mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyokaribia kuninyima macho. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Wakati wa amani unabeba ndizi au kuku. Wakati ule wa vita dawa ilikuwa adimu kuliko nyama, na karibu kila nyumba ilikuwa na vidonge vichache vya kwinini, dawa ya malaria, vimefungwa katika kipande cha nailoni na kufichwa kwa ajili ya mtoto wa nyumba hiyo. Kutoa vidonge hivyo kulikuwa ni kutoa moyo. Na kumwuliza mgonjwa amepewa nini na wengine kulikuwa ni kupima mkono wa jirani. Hakuna mwenye adabu angeuliza. Wala hakuna mgonjwa mwenye adabu angekataa.

Basi asubuhi Mama Kavira alininywesha kwinini yake, akaenda kwa samaki wake. "Meza, prof. Ya batoto bangu, lakini Mungu atabapatia ingine." Adhuhuri Kambale alirudi kutoka kutafuta gari, akakuta nimelala, akafungua nailoni yake. Nilitaka kusema nimeshameza. Nikamwona jinsi alivyokuwa akivihesabu, kimoja kimoja, kwa vidole vinavyonuka samaki, nikafungua kinywa. Alasiri tulipata lori lililothubutu barabara. Njiani mwuguzi mmoja mwema, kwenye zahanati isiyo na mlango, alinidunga sindano ya dawa ileile. Na hospitali moja ya Beni ilinipokea nikiwa nimelala juu ya magunia ya samaki wa chumvi, ikanitundikia chupa. Ndani ya chupa mlikuwa na nini? Mnakisia sawasawa.

Inasemekana daktari aliniuliza kama nimekwisha meza dawa yoyote. Inasemekana pia nilimjibu kwa Kifaransa safi kwamba nimepata mwari, ila kwa mbali, na mwanga haukuwa mzuri. Kambale alikuwa nje akitafuta kitanda. Daktari akaendelea na kazi yake.

Masikio yalianza kuimba. Kwanza kengele ndogo, kisha kengele kubwa, kisha ziwa zima. Nilikuwa nimelala chini ya maji na viboko wakinipita juu, taratibu, matumbo yao yakiwa na rangi ya waridi. Mwari walikuja wodini, wakasimama kando ya vitanda, wakafungua midomo, na ndani ya kila mfuko mlikuwa na jua dogo. Nilitafuta kamera. Mmoja baada ya mwingine wakafunga midomo yao. Jua la mwisho lilipofungiwa, giza likabaki.

Nilipopata akili homa ilikuwa imeshuka, shuka zimelowa, na nikanusa sabuni ya Katungu. Alikuwa amefika kutoka Butembo. Nilimwuliza kwa nini hawafungui dirisha.

Aliniinamia sikioni, maana bado nilisikia kama mtu aliye chini ya kisima. "Dirisha iko wazi, Papa Aline. Jua iko inawaka mu uso yako."

Daktari alikuwa mtu wa Kasai, mrefu wa sauti na mfupi wa maneno. Alinimulika, akasema mboni zimepanuka na haziitikii mwanga. Ndipo akamwuliza kila mmoja amenipa nini. Kambale akasema kuhusu vidonge vyake, kisha kuhusu sindano ya njiani. Mimi nikamtaja Mama Kavira.

"Kila mutu alitoa dose ya kuponya mutu," daktari akasema. "Lakini mutu alikuwa moja tu." Hakumlaumu yeyote. Alieleza kwamba malaria imekufa, ila dawa imeyalewesha macho. Katungu akauliza kama yatarudi. "Inaweza kurudia. Inaweza kukatala. Miye hapana kukudanganya, mama."

Nilidungwa, nilitobolewa, nilisaidiwa kwenda chooni kama mtoto, na huko nilikosea shabaha, jambo ambalo mpiga picha halipokei vizuri. Lakini uchungu mkubwa ulikuwa mwingine. Katungu hakusema tena na mdogo wake. Kambale aliacha kuingia wodini. Nilisikia kikohozi chake chini ya dirisha, asubuhi na jioni. Nilimwambia Katungu kwamba yule mtu alitaka niishi. Akajibu kwamba anajua, na kwamba kujua hakujamsaidia bado.

Wakanirudisha Butembo. Kila alfajiri Katungu aliniongoza hadi kizingitini, akaniketisha kwenye kiti kifupi, uso mashariki. Ilikuwa ni amri ya moyo wake tu, si ya daktari.

"Jua imetoka," alisema siku ya kwanza.

"Namna gani?"

"Namna ya kila siku."

Alikuwa mchuuzi, si mshairi. Lakini asubuhi zilivyofuatana, alianza kuniletea vitu. Kwamba ukungu umekaa bondeni na ni mabati ya paa tu yanayoelea. Kwamba moshi wa jirani umepanda wima, kisha ukavunjika kama mkono kwenye kiwiko. Siku ya mawingu alisema: "Leo inajikokota. Inafanana na mutu ametumwa na mama-mukwe." Nilicheka mpaka nikakohoa. Mji mzima niliokuwa nikiukimbia alfajiri ulianza kuchomoza ndani ya kichwa changu, jogoo kwa jogoo, na baadhi ya asubuhi sikujua tena kama ni yeye aliyekuwa akiona au mimi.

Kisha ikaja asubuhi moja. Katungu alikuwa amesema ukungu ni mzito, jua bado. Nami, katikati ya giza langu, nikaona kitu cha njano. Kidogo, chenye kingo laini, kikitetemeka. Niliogopa ni mwari wamerudi. Kikakua. Kikaja upande wangu.

"Katungu," nikasema, "jua inatembea."

Nilimsikia akishusha sufuria.

"Iko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Kidole kikakifuata kile kitu, polepole, kutoka kwenye ua hadi karibu na jiko.

"Iyo haiko jua," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Iyo ni Kambale. Amebeba bidon ya maji."

Kumbe kila alfajiri tangu turudi, yule kijana mwenye biashara yake, mwanaume mzima mwenye ndevu, alikuwa akishuka hadi chemchemi na kutuletea maji kwenye bidon ya njano, dumu lililokuwa la mafuta, huku wanawake wa mtaa wakimcheka. Aliiacha jikoni na kuondoka. Katungu alipikia maji hayo na hakusema asante.

"Kambale," akaita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Beni kumwita kwa jina. "Simama pale pale. Hapana kusonga."

Maskini, alidhani siku ya hukumu imefika. Akasimama, bidon imejaa begani, maji yakimdondokea shingoni. "Yaya," alimwambia dada yake, "nimefanya nini tena?"

"Songa kuume." Akasonga kulia. Kidole changu kikafuata. "Rudi." Akarudi. Kidole kikarudi naye. Ndipo akaelewa. Aliketi chini matopeni, na bidon ikiwa bado mikononi, akalia kwa sauti. Dada yake akaenda kuketi karibu naye.

Macho yangu hayakurudi yote. Naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kando hakuna kitu, na daktari ameniambia hakutakuwa na kitu. Nagonga milango. Nawapita marafiki bila kuwasalimu, nao wanadhani nimeanza kujiona mkubwa. Lakini bado nasoma, bado nafundisha kwamba jua halichomozi, na bado napiga picha, kwa kuwa hata mwenye macho mazima hufunga jicho moja ili achungulie tunduni.

Wewe unayesoma ukiwa kitandani, au ukimlinda aliye kitandani: Mungu ana njia zake, nami namshukuru, pamoja na yule Mkasai na mkono wa kila aliyenipa. Pokea mikono yote. Ila kabla hujafungua kinywa, kosa adabu kidogo. Sema umekwisha kumeza nini, na nani alikupa. Na ukikuta giza, usimwache mtu anayekupenda akuambie tu kwamba ni asubuhi. Mwulize namna gani.

Sebuleni kwetu kuna picha mbili. Moja ni ya ziwa, mapambazuko, imetikisika kidogo. Nyingine niliipiga uani baadaye: Kambale, ukungu, bidon begani. Wageni huuliza zinahusiana vipi. Mimi huanza kueleza kwa kirefu, na Katungu hunikata.

"Ile ni jua ya Kyavinyonge," anasema, akipanga vikombe. "Na hii ni jua ya kwetu."