Mwanajuma Alipokataa Kusema Salama

Sisi watu wa mtaa wa Ng'ambo, huku bara, tuna adabu ya salamu hadi inakera. Mtu katoka kuzika, ukimwuliza habari atakwambia nzuri, ndipo baadaye akumegee habari ya msiba. Mwanajuma, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliishi na adabu hiyo miaka mitatu, tangu mumewe Sadiki, fundi seremala, apigwe na kiharusi akawa wa kitandani, ulimi ukawa mzito. Kila baada ya saa chache lazima ageuzwe, asije akaota vidonda. Mwanajuma alimgeuza peke yake, mwanamke mwembamba vile, kisha akatoka barazani kuchoma vitumbua na kuwaambia watu salama.

Jumanne moja akachoka. Alichoka mpaka akaanza kumchukia mgonjwa wake, na chuki ile ikamtisha. Akajiwekea ahadi: leo kila atakayenisalimu nitamwambia kweli, na akitokea mmoja tu wa kuniuliza kuna nini, nitamwomba akae na Sadiki siku moja nilale. Asipotokea, naondoka. Haya nilikuja kuyasikia kwake baadaye.

Wa kwanza alikuwa Bi Asmahani. "Umeamkaje, mwanangu?"

"Vibaya, Bi."

"Alhamdulillahi," akajibu bibi yule, akapokea vitumbua vyake akaenda. Masikio yake yalishajua jibu kabla halijatoka.

Omari wa duka la kanga alisikia, akacheka. "Wewe Mwanajuma una utani." Alipoambiwa si utani, uso ukamshuka, akakumbuka ameacha duka wazi. Mama mwingine akamkemea kuwa anakufuru, ashukuru mume angali hai.

Mimi nilikuwa wa nne. Nilimwuliza habari za asubuhi, akasema, "Mbaya, Adelina. Mbaya sana," akanitazama usoni akingoja. Nilielewa. Naapa nilielewa, na ndiyo maana nikasema Mungu atasaidia, nikaingia ndani. Ningeuliza, ningepewa kazi.

Saa nane mchana akaja Mustafa, mdogo wake Sadiki, na kilo ya sukari, kumjulia hali mgonjwa. Ukuta wetu ni wa udongo, nilisikia yote.

"Shikamoo kaka. Unaendeleaje?"

"Shemeji," Mwanajuma akadakia, "kaka yako hali yake mbaya, na mimi pia nimefika mwisho."

Sadiki akakohoa. Kwa ulimi ule mzito akajikaza hadi maneno yakatoka. "Marahaba. Salama tu, mdogo wangu. Hatujambo."

Mustafa alifurahi kweli. Akamwambia shemeji yake asikate tamaa, mgonjwa mwenyewe anasema hajambo, kisha akaaga. Baada ya hapo sikusikia tena kitu upande wa pili, hata kilio.

Jua likielekea kuzama simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya Mwanajuma, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na makelele ya stendi.

"Niko Urambo," akasema. "Sirudi, Adelina, usinibembeleze."

Nikamwuliza, sasa ndiyo nikamwuliza, kuna nini.

"Amelalia upande wa kushoto tangu saa nane," akasema. "Nenda ukamgeuze. Mlango nimeurudishia tu."