Mgomaji Asiyeweza Kunyamaza

"Mh!"

Katika sauti zote za mgomo ule, hiyo ndiyo iliyobaki masikioni mwake. Nyimbo walizoimba nje ya lango la kituo cha televisheni zimeshamtoka, na honi za magari zimeshamtoka. Imebaki hiyo "mh" moja ya mama mkwe wake, iliyopanda kama swali ikashuka kama hukumu, jioni ile saa ya tamthilia ilipofika na kwenye kioo akatokea bwana mwenye mkasi mkubwa, anafundisha kupogoa maua.

"Mitambo yao imeharibika," mama mkwe akasema.

"Haijaharibika, mama. Ni sisi. Tumegoma."

"Ninyi kina nani?"

"Waandishi wa tamthilia."

Mama mkwe akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa aliyeanza kuweweseka. "Baba, pale kuna kuandika nini? Si wale watu wanagombana wenyewe?"

Wamekaa nyumba moja miaka mingi. Kumbe muda wote huo mama alidhani mkwewe ni fundi wa nyaya huko televisheni. Ndiyo maana picha ikitetemeka alikuwa akiitwa yeye, naye, kwa heshima ya ukwe, alipanda juu ya bati kuizungusha antena bila kuuliza kwa nini.

Hata hivyo hakuwa na makubwa ya kujivunia. Chumba chao cha kazi kilikuwa na meza moja, feni yenye kelele nyingi kuliko upepo, na waandishi watano waliogawana kazi kama mafundi wa nyumba. Mmoja aliandika ugomvi, mmoja mapenzi, mmoja hila za matajiri, mmoja polisi na mahakama. Yeye alipewa vilio. Mhusika akifiwa, akiachwa, akizinduka hospitalini asijue hata jina lake, walimsukumia yeye. Tena alikuwa akilia kweli anapoandika, na kibodi mbili zilishafia mikononi mwake. Wenzake wakamwita Machozi, naye akaitika.

Waligoma kwa sababu hawakuwa na mikataba, na vipindi vyao vikirudiwa tena na tena wao hawakuambulia kitu. Mkuu wa kituo akawajibu kwa tabasamu: watazamaji wakipiga simu kulalamika, tutaongea. Wasipopiga, basi hamna umuhimu, kaeni hapo nje mpaka muote mizizi. Mgomo wote ukaning'inia hapo. Simu za kituo zikilia, wangerudi kwa heshima. Zikikaa kimya, wangerudi mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, vichwa chini.

Kiongozi wao alikuwa yule wa ugomvi, mama mfupi mwenye sauti ya kukata bati, ambaye kila mtu alimwita Bi Shari. Akatoa amri mbili. Kila mmoja ahakikishe mtaa wake unapiga simu. Na mtu asitoe nje hata neno moja la hadithi inakoelekea. "Waacheni wapate njaa," akasema.

Machozi akarudi nyumbani na ushindi mfukoni. Mtaa wake uliipenda tamthilia ile kuliko mitaa yote, na makao makuu ya mapenzi hayo yalikuwa sebuleni kwake. Mke wake alikuwa fundi cherehani. Sebule ilijaa vyerehani viwili, kioo kirefu, meza ya kukatia vitambaa na benchi la wateja, na pembeni kigoda cha mama mkwe, aliyekuwa akishona vifungo.

"Shemeji," jirani mmoja akamwuliza kutoka kwenye benchi, "yule mama aliyeshika kikombe cha sumu, alikunywa au hakunywa?"

Machozi akakaza midomo.

"Hajui huyo," mama mkwe akasema, akikata uzi kwa meno. "Yeye ni wa nyaya."

Jua la langoni alikuwa amelivumilia. Bango lao alikuwa amelivumilia pia, bango ambalo waandishi watano walibishania asubuhi nzima hata likawa refu, madereva wakipita kabla hawajafika kwenye nukta. Lakini wa nyaya!

"Alikunywa," akasema.

Vyerehani vyote viwili vikasimama.

"Akafa?"

"Akafa."

Basi ikawa hivyo. Asubuhi analishika bango, alasiri anarudi, anavua viatu, anapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, anasimulia. Tatizo ni kwamba alijua kitu kimoja tu. Mapenzi hakuyaweza, hila hakuziweza, kwa hiyo kila mhusika aliyekutana naye njiani alimpeleka makaburini. Alimzika tajiri, akamzika dereva wa tajiri, akamzika na daktari aliyekuja kumtibu dereva. Wateja walilia mpaka mmoja akapengea kamasi kwenye gauni la harusi la mwenzake, na mke wake akalifua upya bila kumsemesha mtu.

Naye alikuwa na furaha ya ajabu. Miaka yote hiyo ameliza nyumba ambazo hajapata kuingia, hajawahi kuliona chozi lenyewe likishuka. Sasa aliliona, karibu kabisa, likipita polepole kando ya pua ya mama mkwe, mama ambaye hakulia hata siku ya kumwozesha binti yake kwa mtu wa nyaya.

Huko kituoni simu zilikuwa chache, na kutoka mtaa wa Machozi haikuwa imepigwa hata moja. Mwandishi wa mapenzi alishaanza kulitazama lango kwa macho ya mtu aliyeachwa. Ndipo Bi Shari alipokuja mwenyewe sebuleni kwa Machozi, na gauni la kupunguza kiuno, akajifanya mteja.

"Jamani, mnaishije bila tamthilia?" akauliza kwa sauti tamu isiyo yake.

"Kwani wewe hujui?" jirani akamjibu. "Walishakufa wote. Jana tumemzika hakimu."

"Hakimu!" Sauti tamu ikamkimbia. Akageuka, akamwona Machozi juu ya meza, anajifanya anapima kitambaa. "Umemuua hakimu, wewe? Nani atahukumu ile kesi ya shamba?"

"Nilibanwa, dada."

"Ulibanwa! Na yule mdogo wake mkorofi alisema nini msibani?"

"Alilia."

"Yule? Yule hawezi kulia hata ukimkamulia kitunguu! Yule anadai koti la marehemu jeneza likiwa bado mlangoni!"

Na hapo hapo Bi Shari akatupa mkoba, akashika kiuno, akawa mdogo wa marehemu. Akageuka, akawa mjane. Akageuka tena, akawa mdogo mtu, safari hii koti ameshalivaa. Matusi yalitoka yamepigwa pasi. Wateja wakashika mbavu. Machozi akadakia na kilio cha mjane, Bi Shari akamkatiza, wakapokezana hivyo mpaka jua likahama dirishani, na walipomaliza benchi zima likapiga makofi.

Mama mkwe akamtazama mgeni juu mpaka chini. "Na wewe ni wa nyaya?"

Bi Shari alikuwa ameketi ghafla, mkono kifuani.

"Machozi," akasema, "tumefanya kazi."

"Ndiyo, dada."

"Alasiri nzima. Bure."

"Ndiyo, dada."

Hakumkaripia, na ingekuwa nafuu kama angemkaripia. Aliokota mkoba, akamwambia tu kwamba simu zisipolia kesho, yule wa mapenzi anarudi kazini, na akirudi mmoja, wote wamekwisha.

Siku iliyofuata benchi lilijaa mapema. Machozi aliporudi hakupanda mezani. Alichukua pini za mke wake, akazibana midomoni moja baada ya nyingine, kama fundi anayejiandaa kukunja pindo, ila hakuwa na pindo la kukunja.

"Haya, shemeji. Tuliishia kwenye koti."

Machozi akaongeza pini nyingine.

"Shemeji, usitufanyie hivyo!"

Jasho likamshuka. Hadithi ilikuwa imejaa kinywani, inagonga meno. Mama mkwe akaweka sindano chini. "Baba, nimekukosea nini?"

Hapo nusura azimeze pini.

"Mama, mwache," mke wake akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Yuko kazini."

Mama mkwe akawaza, uzi mkononi. "Kama huyu hasemi, atasema nani?" Kisha akainuka. "Nipe simu. Hicho kituo nakipigia sasa hivi."

Mke akampa simu, na namba. Wateja nao wakaanza kutafuta zao kwenye mikoba.

"Haloo! Nyinyi! Mwezi mzima mnatuonyesha maua, sisi mbuzi? Rudisheni waandishi! Ndiyo, kuna watu wanaandika, kumbe hata wewe ulikuwa hujui? Nani? Mimi? Mimi ni mama mkwe wa..."

Machozi akarusha mikono yote miwili hewani kumzuia.

Mama mkwe akaziba simu kwa kiganja. "Anauliza mimi ni nani. Nimwambieje?"

Alizitoa pini midomoni moja moja, akainama mpaka sikioni mwake, wasije wakaitambua sauti huko kituoni.

"Mwambie wewe ni mtazamaji, mama."