Jina Ambalo Mama Holo Hakulisoma

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliingia elimu ya watu wazima kwa kukosa pa kwenda. Siku ya kuagwa kazini nilisimama mbele ya keki na wageni nikasema ulikuwa wito. Haukuwa wito. Ilikuwa barua ya kupangiwa kazi, na nilipoisoma nililia. Nilikuwa binti wa mkulima wa kahawa kutoka Bukoba, nimetoka chuo kikuu na digrii ya elimu, na nilijiona nikifundisha fasihi katika shule ya wasichana yenye bustani ya maua. Barua ilisema Magu, kwenye kisomo.

Siku ya kwanza niliripoti kwa Ofisa Elimu wa Wilaya, ambaye kila mtu alimwita Bwana Elimu. Alikuwa mrefu, mnyoofu, mtu wa kufuata mwongozo hata katika kunywa chai. Alitazama viatu vyangu.

"Ndugu, hivyo ni vya kwenda wapi?"

"Kazini, ndugu."

"Kazini kwako kuna tope. Chukua baiskeli ile pale. Breki ya nyuma haishiki, lakini huko unakokwenda hakuna mteremko."

Mteremko ulikuwepo.

Kwa vijana wasioijua kazi hiyo, kisomo kilikuwa darasa la watu wazima wasiojua kusoma, na karibu kila kijiji cha ujamaa kilikuwa nalo. La kwangu lilikuwa kwenye ghala la pamba, karibu na ziwa. Msimu wa mavuno tulihamia nje, maana pamba ilikuwa na haki zaidi yetu. Ubao tuliupaka unga mweusi wa betri zilizokwisha. Wanakisomo walikuja mchana, wakitoka shamba, na kina mama wengi walikuwa na watoto mgongoni. Wakubwa walisoma kwa sauti, watoto wakalia kwa sauti, nami nikapiga kelele kuliko wote. Mtu alipanda hatua kwa hatua, na aliyefuzu Hatua ya Tatu alihesabiwa kuwa anajua kusoma na kuandika.

Kitabu chetu kilikuwa kimeandikwa Mwanza mjini na watu wenye nia njema. Kilimhusu mkulima hodari aitwaye Maduhu. Maduhu alipanda pamba mapema, alipalilia kwa wakati, alichimba choo. Sijawahi kukutana na mtu asiye na dosari kama yule.

Katika darasa hilo alikuwemo Mama Holo, mkunga wa kijiji, mwenye umri wa kutosha kunizaa. Nusu ya watoto waliolia ghalani alikuwa amewapokea yeye. Zahanati ilikuwa inajengwa, na hospitali ya mkoa ilikuwa imekubali kumfundisha mkunga mmoja kutoka kijijini kwetu, sharti awe amefuzu Hatua ya Tatu. Asipofuzu, nafasi ingekwenda kijiji kingine. Mama Holo aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Mwaka uliotangulia alikuwa amempoteza mama aliyekuwa akijifungua mikononi mwake, na aliniambia waziwazi, "Nimechoka kukisia, mwalimu."

Lakini alikuwa na tatizo. Alisoma vizuri, kisha akifika kwenye jina la yule mkulima hodari, kimya. Akiliruka, aliendelea bila shida. Mimi na digrii yangu tukaamua kwamba silabi ya katikati inamshinda. Kwa wiki nzima nilimsomesha da, de, di, do, du. Alizisoma zote bila kukosea hata moja, akinitazama kwa huruma.

Mwishowe msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni alishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, unamtesa bure. Hilo ni jina la baba mkwe wake. Unataka alitaje?"

Darasa likacheka. Kwa Wasukuma wa huko, mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina, hata kama jina hilo ni la mtu mwingine, na hata kama limechapishwa kwenye kitabu cha serikali. Kila mtu ghalani alilijua hilo isipokuwa mimi.

Nilimsihi. "Mama, siku ya mtihani litaje mara moja tu, kwa sauti ndogo."

"Wewe mwalimu, baba mkwe wako unamwitaje?"

"Sijaolewa, mama."

"Basi nyamaza."

Mtihani ukaja katika bahasha iliyofungwa, na Bwana Elimu akaja kusimamia mwenyewe. Nilimwomba Mungu kifungu kiwe cha ng'ombe, cha kuku, cha malaria. Mstari wa kwanza ulisema: *Maduhu alipanda pamba mapema.*

Mama Holo aliutazama. Kisha akasoma, polepole na kwa sauti safi: "Baba wa nyumba yetu alipanda pamba mapema." Akaendelea hadi mwisho bila kukwama popote.

"Hapo mwanzo pameandikwa nini?" aliuliza Bwana Elimu.

"Nimesoma."

"Umesoma kisichokuwepo. Rudia."

Akarudia vilevile. Nilieleza habari ya mkwe. Bwana Elimu, ambaye alikuwa muungwana, alituma mtu nyumbani kwa mzee. Mjumbe alirudi akihema: mzee amesema atajwe tu, hatakufa.

"Umesikia, mama? Ameruhusu."

"Yeye ameruhusu," alisema Mama Holo. "Mimi sijaruhusu."

Bwana Elimu akafunua kalamu yake. Nilimwambia kwamba mtu hawezi kulikwepa neno ambalo hajalisoma. Alijibu kwamba mwongozo unapima kusoma kwa sauti, na kwamba akikubali desturi leo, kesho kila asiyejua neno atasema ni mkwe wake. Hakuwa mjinga, na mpaka leo sijapata jibu zuri la hoja hiyo. Aliandika "hajafuzu", kisha, kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama pale, akasema atamwuliza Mratibu wa Mkoa, mkubwa wake katika kazi ya kisomo.

Baada ya Magu nilipelekwa Ukerewe, kisha Sengerema, kisha ofisi ya mkoa, ambako hatimaye nilipata kiti kinachozunguka. Nimesimamia mitihani mingi na kuandika miongozo ambayo naamini ilimtesa mtu mahali fulani. Sasa nimestaafu, niko Mkuyuni, na wajukuu wa jirani hunisomea magazeti kwa kasi ya ajabu. Nikiwauliza wamesoma nini, wananitazama kama nimewauliza kwa Kichina. Sisi tulihesabu waliojua kusoma, tukajivunia hesabu hiyo, na nilijivunia pia. Lakini nimeishi kuamini kwamba kusoma kunaanza pale mtu anapolielewa andiko kiasi cha kuamua mwenyewe alifanyie nini. Sikulijua hilo chuoni, wala sikulijua asubuhi ile tuliyosubiri jibu.

Asubuhi hiyo lori la hospitali lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi ya wilaya, likichukua wakunga wa vijiji vingine kwenda Mwanza. Mama Holo alikuja na kifurushi chake kabisa. Simu ilipolia Bwana Elimu alisikiliza, akashangaa, akampa Mama Holo. Mratibu wa Mkoa, mama mwenye sauti iliyosikika chumba kizima, alitaka kuzungumza naye.

Mama Holo hakuwa amewahi kushika simu. Aliipigia goti. "Shikamoo."

"Marahaba. Mama, huyo aliyepanda pamba mapema ni nani?"

"Siwezi kumtaja."

"Au hukulisoma jina lake?"

Mama Holo alifikiri. "Mama, watu wa jina hilo ni wengi. Hata dereva wa lori hili linalotusubiri hapa nje, wenzake wanamwita hivyohivyo. Tangu asubuhi mimi namwita 'wewe baba'."

Upande wa pili kikatoka kicheko kirefu. "Nipe Bwana Elimu."

Alichukua simu. "Ndiyo, mama. Ndiyo. Nimeelewa." Akaiweka chini taratibu, akaenda dirishani, akainama nje.

"Maduhu!" aliita. "Usiondoke. Una abiria mwingine."