Nilipima migomba ya Tata kwa kipimo chenye dhahabu, tukapata majibu tusiyoyatarajia

Wakuu, heshima zenu wote.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, leo nimeona niandike. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi, niiteni Asteria, ni binti wa Nyakasimbi, Karagwe. Nasoma Master's ya kemia, na utafiti wangu ni kutengeneza sensor ya kutambua mnyauko wa migomba kabla dalili hazijaonekana.

Kwa wasioujua, huu ni ugonjwa wa bakteria. Majani yanakuwa ya njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa kitu kama usaha. Ubaya wake ni kwamba mgomba unaweza kuwa nao muda mrefu huku unapendeza tu, na panga likitoka hapo linahamishia mwingine.

Kwetu kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ndiyo nyumbani kwenyewe. Ndizi ndiyo chakula, kahawa imepandwa humo humo, na wazee wetu tumewazika humo.

Sasa dhahabu inaingiaje?

Sensor yangu ni kijikadi kama zile stripu za kupimia sukari. Juu yake nabandika vipande vya DNA vinavyonasa DNA ya yule bakteria. Vikinasa, umeme mdogo unaopita pale unabadilika, mashine inasoma.

Mwanzoni badiliko lilikuwa dogo mno, sijui kama ni ugonjwa au ni mashine inajisemea. Nilipoweka chembe za dhahabu, ndogo kuliko hata bakteria mwenyewe, signal ikasimama. Dhahabu inapitisha umeme vizuri, inaongeza nafasi ya kushikia, na zile DNA zinaing'ang'ania.

Msidhani inang'aa. Chembe zikiwa ndogo hivyo, maji yake yanakuwa mekundu kama juisi ya rozela. Baba mdogo alipoona kichupa alicheka, "Hii ndiyo dhahabu? Shule imekudanganya."

Tuendelee.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa amekosana na jirani yetu Mama Odetha. Huyu ni mjane, wazazi wake walitoka Burundi zamani, na amepalilia kibanja chetu tangu nikiwa mdogo. Migomba yake ilipoanza kunyauka, Tata akamkataza kukanyaga kwetu. Akasema hadi kwenye kikao cha kitongoji kwamba panga la yule mama ndilo linatembeza ugonjwa.

Watu wakaacha kumwita vibarua. Na vibarua ndiyo vilikuwa vinamlisha.

Nilipofika likizo na vifaa vyangu, Tata alifurahi kupita kiasi.

"Anzia mpakani kwake, mwanangu. Watu waone ugonjwa ulikotokea."

Nikapima utomvu wa migomba ya mpakani. Hakuna kitu.

Nikaendelea na kibanja chote. Signal ikapanda nyuma ya jiko, upande wa pili kabisa, kwenye migomba mizuri kuliko yote. Hiyo Tata alileta miche yake kutoka kwa shangazi yetu aliyeko Kyerwa, inazaa mikungu mikubwa, akija mgeni lazima aonyeshwe.

Nikarudia kwa stripu mpya. Majibu yale yale.

Wakuu, nilikaa pale chini nikiwa sina raha. Nikikosea, namkatisha mzee migomba mizima. Nikinyamaza, panga linaendelea kupita.

Nikamwendea.

"Tata, mpakani ni salama. Ugonjwa uko kwenye migomba ya Kyerwa."

"Hii? Hebu tazama majani yake!"

"Nayaona, Tata. Ndiyo maana tunapima."

"Kipimo chako kina uhakika?"

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia kiko kwenye majaribio, napeleka sampuli maabara zikahakikishwe kwa PCR, kile kipimo kikubwa cha DNA, tusikate kwanza, ila panga lisitoke kwenye mgomba wowote bila kupita kwenye moto.

Halafu akasema jambo ambalo sikulijua.

"Mama Odetha nilimpa miche ya hii. Wakati mama yenu anaumwa, yeye ndiye alikuwa anamwogesha. Sikuwa na kingine cha kumpa."

Nikamwambia kipimo hakisemi nani kamwambukiza nani. Huenda miche ilikuja mizima, ikaugulia hapa hapa.

"Usinitetee," akasema.

Majibu ya maabara yalipotoka, yalikubaliana na yangu, isipokuwa mgomba mmoja ambao mimi niliuita mgonjwa, wao wakaukuta mzima. Huo hatukuugusa. Mingine Tata aliikata mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Kisha akaniambia twende kwa Mama Odetha.

Tulimkuta anapukuchua maharage. Akatukaribisha, akatoa mkeka. Tata hakukaa.

"Mama Odetha, nilikusema vibaya mbele za watu. Ugonjwa uko kwangu, na huenda ulitoka kwangu kuja kwako. Nitarudi kikaoni niseme hivyo hivyo."

Mama wa watu akaendelea na maharage yake kidogo, halafu akasema, "Baba Asteria, miche uliyonipa ndiyo ilitangulia kunyauka. Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulinipa kwa moyo safi. Ningeanzia wapi?"

Tata akakaa kwenye mkeka.

Kikaoni alisema kweli. Wapo walioanza kumwita tena yule mama, wapo ambao mpaka leo hawajamwita. Maneno yakishatoka hayarudi yote. Kwetu hajarudi kupalilia, ila salamu ipo, na juzi alituma mboga.

Nilichojifunza ni kwamba nilihangaika sana kufanya sensor ione kitu kidogo, lakini sikuwahi kufikiria siku nitakayomsomea mtu majibu, tena baba yangu. Siku hizi kabla ya kupima shamba la mtu namuuliza, ukikuta ugonjwa uko kwako utafanya nini?

Wataalamu wa electrochemistry, nisaidieni na ule mgomba mmoja niliouonea, inawezekana ni nini? Wa Kyerwa, hali ya mnyauko huko ikoje?

Na wengine wote: ungekuwa Mama Odetha, ungesema, au ungenyamaza kama yeye?