Dakika Kumi na Nne kwa Chuma Kimoja

Mimi si mtu wa subira, na wanaonijua hushangaa niliwezaje kuchagua kazi ya kukaa nikiitazama mashine ikigusa chuma. Lakini ndiyo kazi yangu hapa Guangzhou: kupima bidhaa za viwandani kabla hazijapakiwa kwenda kwetu. Mashine ina meza ya jiwe, na juu yake mkono unaoshusha ncha yenye kijiwe chekundu. Ncha inagusa chuma hapa na pale, kompyuta inasema kama vipimo viko sawa. Njia yote ya ncha hiyo imeandikwa katika programu, na programu niliiandika mimi.

Asubuhi moja alifika mama wa Dar mwenye ofisi kule jengo la Tianxiu, na maboksi yake nyuma. Ndani mlikuwa na vyuma sitini vya kukalia beringi za mashine za kusaga. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku akitafuta kiti.

"Mwanangu, leo nataka vyote sitini. Habari ya kupima kumi sitaki kuisikia."

Nilijua kwa nini. Mzigo uliopita tulipima kumi kama desturi yetu, vikatoka safi, na vibovu vikawa kwenye vile tulivyoviacha. Wasagaji walimrudishia beringi zilizoungua, na pale Kariakoo wakaanza kumwita muuza mikebe.

"Vikiharibika tena nafunga duka," akasema. "Sina uso wa kuwatazama wateja."

Lori lilikuwa linakuja saa kumi jioni, na sasa ilikuwa saa tatu asubuhi. Chuma kimoja kilikula dakika kumi na nne. Kwa mwendo huo lori lingetukuta nusu ya njia. Bosi wangu, Mchina mpole anayependa mambo yaishe, alichungulia mlangoni.

"Meiyou shijian," akasema, hakuna muda. Tupime kumi, tugonge muhuri.

Nikapandwa na hasira. "Vyote sitini, laoban," nikamjibu, yaani bosi. Akacheka, akaenda zake.

Nikaweka chuma cha kwanza. Mama akamimina chai kutoka chupa yake, akatazama. Ncha ikagusa, ikapanda juu kabisa, ikashuka, ikagusa, ikapanda tena.

"Hivi mbona inarudi juu kila mara?"

"Kwa usalama, Mama."

"Usalama gani? Mtu anakula wali, kila tonge anainuka kwenda kunawa?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Wiki yangu ya kwanza kazini niliigonga ncha kwenye ukingo wa chuma, ikavunjika, nikaenda kulia chooni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: tangu siku hiyo, katika kila programu yangu, ncha ilipanda juu ya kila kitu kabla ya kusogea hata sentimita moja. Tena kichwa kinachoshika ncha kiligeuka kushoto kupima tundu moja, kikarudi kulia, kikageuka kushoto tena. Miaka yote hiyo nilikuwa nauita woga wangu uangalifu, na hakuna aliyeniuliza.

Nikaiacha imalize chuma hicho, kisha nikaipanga programu upya. Vipimo vyote vya kulia kwanza, kisha kichwa kigeuke mara moja tu. Ncha ikiingia tunduni isitoke mpaka imalize. Kutoka tundu hadi tundu ipande unene wa kidole, basi. Kwenye tundu la beringi sikupunguza hata mguso mmoja, maana hapo ndipo duka la Mama lilipokuwa linashikiliwa.

Saa nne nikaanzisha polepole, kidole juu ya kitufe cha kusimamisha. Ncha ikapita kando ya ukingo kama ule ulioniliza. Haikugonga. Nikarudia kwa mwendo kamili, majibu yakalingana na ya programu ya zamani. Dakika tano, pamoja na kukifunga chuma na kukifungua!

Tukaingia kazini. Mama alifuta mafuta, mimi nikafunga na kufungua, chakula tukakila wima. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na lori njiani.

Kwenye chuma cha arobaini na tatu skrini ikawa nyekundu. Nikapima tena, nyekundu vilevile. Tundu la beringi lilikuwa pana kupita kiasi, kwa tofauti ambayo jicho halioni. Cha hamsini na nane nacho hivyo hivyo. Mama akaviweka pembeni juu ya mtandio wake.

Saa tisa na nusu cha sitini kilikubali, nikapiga kigelegele. Bosi akaja mbio akidhani nimevunja ncha tena. Akasoma orodha, akatazama saa, akaninyanyulia dole gumba.

"Lihai," akasema, yaani kiboko, na kwa mtu wa meiyou hiyo ni hotuba nzima.

Vyuma hamsini na vinane vikapanda lori. Kibovu kimoja Mama alimrudishia aliyemuuzia, cha pili akaniachia mezani.

"Hiki ndicho kingenifungia duka," akasema. "Kaa nacho."

Ninacho mpaka leo, nakandamizia karatasi. Duka liko wazi. Juzi ameleta vyuma mia mbili, akavuta kiti, akamimina chai, akasema anataka vyote.