Kunde za Chambo

Moshi wa bani, banda la kukaushia tumbaku, haujanitoka puani hadi leo. Ulikuwa moshi mzito wa magogo ya miyombo, umechanganyika na uchungu wa tumbaku inayokaushwa, na kijijini kwetu, nje ya Songea mjini, uliingia hadi kwenye ugali na nguo za misa. Baba alikuwa akisema harufu ile ndiyo ada ya dada yangu Frida, aliyechaguliwa kwenda sekondari. Lakini soko huria lilikuwa limeingia na ruzuku imeondoka. Dawa za shamba zilijaa dukani, za kuangalia tu. Ndipo tumbaku yetu ikaanza kudumaa. Ilinyauka mchana hata udongo ukiwa na maji, na Baba alipong'oa mche mmoja tuliona mizizi imejaa vinundu.

Bwana shamba akaja na baiskeli yake, akasema ni minyoo ya udongoni, haionekani kwa macho. "Dawa huiwezi, mzee, nami sina," alimwambia Baba. "Panda kunde, uzibananishe. Minyoo itaingia kwenye mizizi yake. Kabla hazijatoa maua, ng'oa zote, uchome moto, minyoo isipate kuzaliana. Kunde ni chambo tu." Baba alicheka kwa furaha, akasema kweli, mtego bila chambo haunasi.

Kunde zilistawi, jamani! Ila mahindi yalikuwa yamekwisha kihengeni, na Mama alichuma majani yale kila siku. Likolo, yaani mboga ya majani, ndiyo ilikuwa mboga, tena ndiyo chakula chenyewe. Baba alipokwenda na jembe kuzing'oa, alimkuta Mama amesimama katikati ya shamba, mdogo wetu mgongoni, nasi wengine kando yake.

"Ung'oe chakula kibichi?" Mama aliuliza. "Mimi sikulelewa hivyo. Kunde huchumwa, hazing'olewi."

"Zikitoa maua tumekwisha, mama Frida."

"Na hawa wasipokula leo?"

Baba alituangalia, akaweka jembe begani, akarudi nyumbani. Tulishiba. Kunde zikatoa maua, zikabeba maganda, na minyoo ikala pamoja nasi, ikazaliana humo humo. Msimu uliofuata tumbaku haikufika magotini. Bani halikuwashwa. Baba akaenda Nalasi kufanya vibarua vya korosho, na sanduku la shule la Frida likawekewa mbegu.

Simlaumu Mama, mwenye njaa hana miiko. Hasira yangu sijui niipeleke wapi, na hilo ndilo linalonimaliza. Siku hizi wakulima wanaelezwa habari za mimea ya mtego kwa simu za mkononi, nami hujiuliza wangapi wana kitu kingine jikoni. Frida anauza mboga sokoni Songea. Kunde zake, zilizolimwa shamba lile lile, huzifunga pamoja na mizizi yake ili zisinyauke. Juzi nilipindua fungu moja, nikaviona vinundu.

"Acha mizizi, wewe," alisema, akininyang'anya. "Wateja wanakula majani."